Nafanya kazi Uingereza usiku na mchana, mbona maisha hayasongi mbele?

Swali

"Mwalimu, salaam. Mimi ni mwenyeji wa Mombasa, niko Nottingham tangu 2023 kwa viza ya kazi ya kea, yaani kuwahudumia wazee na wagonjwa. Kenya nilikuwa muuguzi mwenye diploma na leseni yangu. Kwenye karatasi mshahara wangu ni pauni 25,000 kwa mwaka, lakini mkononi naona 1,700 na kitu kwa mwezi. Chumba peke yake ni 650, na mwenye nyumba ashanambia atapandisha. Bado nalipa mkopo wa sacco niliochukua kumlipa wakala aliyenileta. Mume wangu auliza mbona pesa za nyumbani zimepungua, na mimi natuma 200 zile zile kila mwezi. Kazini kila mmoja ana lake: huyu asema ni Brexit, yule asema kodi za serikali, na mama mmoja ninayemhudumia aliniambia usoni kuwa ni sisi wageni tulioiharibu nchi yao. Habari zasema mfumuko wa bei umeshuka, lakini dukani sioni kilichoshuka. Je, ni mimi nisiyejua kupanga matumizi, au nchi hii imekwama? Na kama imekwama, nikae, niende Kanada, au nirudi nyumbani?"

Jibu

Dada yangu, nianze na lile linalokuuma zaidi. Hesabu zako ziko sawa, na sioni mahali unapofuja. Nimezipiga upya. Katika pauni 25,000, zile 12,570 za kwanza hazikatwi kitu. Zinazobaki, 12,430, zinakatwa kodi ya mapato ya 20%, yaani karibu 2,490, na bima ya taifa ya 8%, yaani karibu 1,000. Toa mchango wako wa pensheni, unabaki na kama pauni 1,730 kwa mwezi. Ukishalipa chumba na kutuma za nyumbani, zinabaki 880 za chakula, basi, simu, nguo za baridi na sacco. Mtu anayeishi kwa kiasi hicho na bado hajakosa kutuma hata mwezi mmoja hahitaji somo la kubana matumizi.

Tatizo ni kubwa kuliko mkoba wako, na lilianza miaka mingi kabla hujapanda ndege. Kuanzia 1970 hadi 2007, mshahara wa wastani Uingereza, ukishaondoa mfumuko wa bei, ulikuwa ukipanda kwa takriban theluthi moja kila miaka kumi. Baada ya mtikisiko wa benki wa 2008 ukasimama. Kufikia 2023, mfanyakazi wa wastani alikuwa akinunua kwa mshahara wake karibu vitu vile vile alivyoweza kununua 2008. Hiyo ni miaka kumi na mitano bila hatua ya maana, katika moja ya nchi tajiri zaidi duniani.

Nakwambia haya kwa sababu picha ya Uingereza tuliyo nayo Pwani tumeichukua kwa waliotangulia. Shangazi aliyefika London miaka ya tisini, akaanza kwa kusafisha ofisi, kisha akajenga Kikambala na kusomesha watoto wa ndugu zake, hakutudanganya. Aliingia katika uchumi uliokuwa ukimbeba: hata asipobadilisha kazi, mshahara wake halisi ulipanda mwaka hata mwaka, na pauni moja ilikuwa karibu dola mbili ilipofika 2007. Wewe umeingia nchi hiyo hiyo, kwa bidii ile ile, lakini uchumi haumbebi mtu tena. Mume wako na wazee wenu wanapokupima kwa kipimo cha shangazi, wanakuonea bila kujua.

Kwa nini ulisimama? Kinachopandisha mishahara ya nchi nzima kwa muda mrefu ni tija, yaani thamani ya kinachozalishwa katika saa moja ya kazi. Kabla ya 2008 tija ya Uingereza ilikua kwa karibu 2% kwa mwaka. Tangu hapo imekua kwa karibu nusu ya asilimia moja. Tofauti hiyo yaonekana ndogo ukiisoma, lakini kwa mwendo wa 2% nchi huongeza kipato chake maradufu kwa miaka 35, na kwa mwendo wa nusu asilimia itachukua miaka kama 140.

Najua utaniuliza: mimi natoka nyumba hii naingia ile tangu saa kumi na mbili asubuhi, hiyo tija yangu imepungua wapi? Haijapungua popote. Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawaelezwi, nami naona ndilo kiini cha jibu lako. Kazi yako haiwezi kuharakishwa. Kumwogesha mzee, kumvisha, kumlisha bila kumpalia, kukaa naye hadi dawa imezwe, kunachukua dakika zile zile leo kama mwaka 1980. Ukiharakisha umemdhulumu. Kwa hiyo mshahara wa mlezi hauwezi kupanda kwa sababu mlezi anaongeza kasi. Unapanda pale ambapo sehemu nyingine za uchumi, viwanda, maabara, kampuni za programu, zinazalisha zaidi kwa saa, zinalipa kodi zaidi, na serikali inatumia kodi hiyo kulipia saa zako. Sehemu hizo zikisimama, wewe unasimama nazo, hata ungefanya kazi hadi mgongo ukatike. Na wanaolipia sehemu kubwa ya kea ni mabaraza ya miji, ambayo yamekuwa hoi kwa sababu nitakayoifikia sasa hivi.

Basi tija yenyewe ilikwamishwa na nini? Wenzako wanabishana, na karibu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Hadi 2007 Uingereza iliegemea mno benki za London na mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Uchimbaji wa mafuta hayo ulifikia kilele 1999 kisha ukaanza kushuka. Benki nazo zikaanguka: Septemba 2007 watu walipanga foleni nje ya Northern Rock kutoa akiba zao, na mwaka uliofuata serikali ikalazimika kuiokoa Royal Bank of Scotland kwa fedha za umma. Injini mbili zilizima karibu pamoja, na hapakuwa na ya tatu iliyokwisha kutayarishwa.

Kilichofuata ndicho ninachokihesabu kuwa kosa kubwa zaidi la sera katika kisa hiki chote. Mwaka 2010 serikali mpya, na waziri wake wa fedha George Osborne, iliamua kwamba jambo la kwanza ni kupunguza matumizi ya serikali. Nia ya kudhibiti deni ilieleweka. Lakini wakati huo Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa imeshusha riba hadi 0.5%, na serikali ingeweza kukopa kwa bei ya chini isiyo ya kawaida ili kujenga reli, nyumba na hospitali. Badala yake miradi ilikatwa na mabaraza ya miji yakabanwa: ruzuku yao kutoka serikali kuu ilipungua kwa karibu 40%, baada ya kuondoa mfumuko wa bei, kati ya 2009 na 2019. Baraza la mji wako, Nottingham, lilitangaza Novemba 2023 kuwa haliwezi kusawazisha bajeti yake. Yalikuwepo pia makosa ya baraza lenyewe, hasa kampuni ya nishati ililoianzisha ikaleta hasara kubwa. Lakini ukiuliza kwa nini saa yako ya kea inalipwa kidogo na dakika kumi na tano zinahesabiwa kuwa ziara nzima, jibu linapita katika ukumbi wa baraza hilo.

Uwekezaji wa kampuni binafsi nao umekuwa dhaifu. Kwa miaka mingi Uingereza imekuwa mkiani mwa kundi la nchi saba tajiri, G7, kwa sehemu ya pato la taifa inayowekezwa. Mfanyakazi asiyepewa mashine mpya, programu mpya wala mafunzo, hawezi kuzalisha zaidi kwa saa kwa kumezea mate tu mwenzake wa Ujerumani. Na miji iliyo nje ya London haijaunganishwa vizuri. Leeds, mmoja wa miji mikubwa ya Uingereza, hauna treni ya mjini wala tramu. Karibu na kwako, Toton, kati ya Nottingham na Derby, palipangwa kituo kikubwa cha reli ya mwendo kasi iitwayo HS2. Kikafutwa 2021. Oktoba 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak akafuta pia tawi lililokuwa lifike Manchester. Fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika.

Halafu kuna nyumba, na hapa ndipo wewe unapoumia waziwazi. Tangu sheria ya mipango miji ya 1947, mwenye shamba hana haki ya kujenga tu kwa kuwa ardhi ni yake. Lazima aombe kibali, na majirani wana nafasi kubwa ya kukipinga. Sheria ile ilizuia miji isitambae ovyo, na mashamba ya kijani unayoyaona ukiwa ndani ya basi ni matunda yake. Bei yake ni kwamba nyumba zimejengwa chache kuliko watu wanavyozihitaji, hasa pale penye kazi nzuri. Mwaka 1997 nyumba ya kawaida England iliuzwa kwa mishahara ya mwaka kama mitatu na nusu. Siku hizi ni karibu minane. Asiyeweza kununua anapanga, wapangaji wanazidi, na mwenye nyumba wako anapandisha kwa sababu anajua ukitoka wewe kuna wengine wanaongoja. Uhaba huu unaumiza tija pia: muuguzi au fundi anayeweza kupata kazi bora Cambridge au London haendi, kwa sababu nyongeza yote ingemezwa na pango.

Sasa Brexit. Kura ilipigwa Juni 2016, na nchi ikatoka katika soko la pamoja la Ulaya mwishoni mwa 2020. Ofisi huru inayokagua bajeti ya serikali hukadiria kwamba, kwa muda mrefu, hatua hiyo itaipunguzia Uingereza tija kwa karibu 4%. Hicho si kidogo, maana ni fedha ambazo zingelipia hospitali na mabaraza. Hata hivyo mishahara ilikuwa imekwisha kusimama miaka minane kabla ya kura. Rafiki yako anayesema ni Brexit ana haki ya kulalamika, ila amechukua kilichozidisha ugonjwa akakiita chanzo.

Wa kodi naye? Kwa ujumla mzigo wa kodi Uingereza sasa ni mkubwa kuliko wakati wowote tangu miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, hilo ni kweli. Kile kiwango cha 12,570 kisichokatwa kodi kimegandishwa tangu 2021. Kama kingepanda na bei, kingekwisha kupita 15,000, nawe ungebaki na pauni zisizopungua 480 zaidi kwa mwaka. Lakini 2024 bima ya taifa ilipunguzwa kutoka 12% hadi 8%, na kwa mshahara wako hiyo ilirudisha karibu kiasi hicho hicho. Kwa mtu wa ngazi yako, adui mkubwa ni pango. Kodi yaja nyuma sana.

Na yule mama. Najua linavyouma neno kama lile kutoka kwa mtu uliyetoka kumfunga viatu. Nitalijibu kwa uzito wake, kwa sababu wengi wanaolisema hawana nia mbaya, wanatafuta sababu ya kitu wanachokiona kwa macho. Mishahara ilisimama 2008. Wimbi kubwa la wahamiaji lilikuja baada ya 2021, hivyo haliwezi kuwa chanzo. Kamati ya wataalamu inayoishauri serikali kuhusu uhamiaji ilichunguza suala la mishahara 2018 na kukuta athari ndogo kwa jumla. Tena wewe ulikuja kwa sababu waliitisha: mwaka wa 2021 hadi 2022 kea ya England ilikuwa na nafasi kama 165,000 zisizo na mtu. Lakini ukweli una upande wa pili, nao lazima tuuseme. Katika mwaka mmoja ulioishia katikati ya 2023, walioingia waliwazidi waliotoka kwa zaidi ya watu 900,000, huku England ikiongeza nyumba takriban 230,000. Watu wakiongezeka hivyo na nyumba haziongezeki, pango litapanda, na wewe mwenyewe unalipa bei hiyo. Kosa hilo ni la waliofungua mlango bila kujenga vyumba. Wewe na yule mama mnaumizwa na sera moja.

Kuhusu mfumuko wa bei, usijione mjinga, kwani watangazaji wenyewe husema ovyo. Mfumuko ukishuka, bei hazirudi chini. Zinapunguza tu kasi ya kupanda. Oktoba 2022 mfumuko ulifikia 11.1%, baada ya vita vya Ukraine kupandisha gesi, ambayo Uingereza huitegemea kupasha joto nyumba na kuzalisha sehemu kubwa ya umeme. Mei 2024 ulikuwa umeshuka hadi 2%. Katikati ya hapo, kati ya 2021 na 2024, chakula kilikuwa kimepanda kwa karibu 30%, na bei hizo zimebaki pale pale juu. Wewe ulifika 2023, hujawahi kuiona bei ya zamani, lakini wenzako wanaikumbuka.

Na hii ya mume wako, tafadhali msomee aya hii. Januari 2024 pauni moja ilikuwa zaidi ya shilingi 200 za Kenya, kwa sababu shilingi ilikuwa imeanguka hadi karibu 160 kwa dola. Serikali ya Kenya ilipofanikiwa kupanga upya malipo ya hati yake ya deni ya dola bilioni 2 mwezi Februari mwaka ule, shilingi ikapata nguvu ikarudi karibu 130 kwa dola, na pauni ikashuka hadi kati ya 160 na 175. Pauni 200 zilizokuwa zaidi ya shilingi 40,000 sasa ni kama 34,000. Hujapunguza hata senti moja. Ni thamani ya shilingi iliyobadilika, na kwa Kenya inayonunua mafuta na ngano kwa dola ni habari njema, ingawa kwa familia inayongoja pauni ni pengo la shilingi elfu sita kila mwezi.

Pengine utajiuliza mbona serikali isirekebishe mambo yakaisha. Septemba 2022 Waziri Mkuu Liz Truss alijaribu njia ya mkato: akatangaza kupunguza kodi kwa pauni bilioni 45 bila kuonyesha fedha zitatoka wapi, akiamini uchumi utakua haraka. Wakopeshaji waliiuza pauni na dhamana za serikali kwa wasiwasi, pauni ikaanguka hadi karibu dola 1.03, Benki Kuu ikaingilia kati kunusuru mifuko ya pensheni, na Truss akaondoka baada ya siku 49. Tangu hapo kila waziri wa fedha anapanga bajeti akiwatazama wakopeshaji. Riba ya deni la taifa sasa inapita pauni bilioni 100 kwa mwaka, na hakuna tena mkopo wa bei ya chini kama wa 2010. Serikali ya Labour iliyoingia Julai 2024 imeahidi nyumba milioni 1.5 England na kulegeza masharti ya vibali, na naamini hapo imeshika pahali sahihi. Lakini nyumba inayoombewa kibali leo hukaliwa baada ya miaka. Wakati huo huo, Aprili 2025 ilipandisha bima ya taifa inayolipwa na waajiri kutoka 13.8% hadi 15% ya mshahara, na kampuni za kea, ambazo gharama yao karibu yote ni mishahara, zikabanwa tena. Kima cha chini cha mshahara kimepanda, 12.21 kwa saa Aprili 2025 na 12.71 Aprili 2026, na hilo limewasaidia walio chini kabisa. Ila linawasogeza karibu na waliokuwa juu yao kidogo, kama wewe, bila kuwainua hao.

Kwa hiyo sioni sababu ya kupanga maisha yako kwa matumaini kwamba mshahara wa kea utapanda wenyewe ukakutoa. Ukipanda, utapanda kwa kuhama ngazi, na wewe una kitu ambacho walezi wengi hawana: wewe ni muuguzi.

Hapo ndipo ningeelekeza nguvu kwanza. Baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, huwasajili wauguzi waliosomea nje wakithibitisha vyeti vyao, wakipita mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta, na mtihani wa vitendo uitwao OSCE, ambao una kituo Northampton, si mbali na kwako. Muuguzi anayeanza katika NHS, yaani huduma ya afya ya umma, ya England alilipwa pauni 31,049 kwa mwaka wa 2025 hadi 2026, na ngazi hiyo hiyo iliishia karibu 37,800, bila kuhesabu nyongeza za usiku na wikendi. Sikufichi: mwanzoni nyongeza mkononi ni kama pauni 250 kwa mwezi, kwa sababu pensheni ya NHS inakata zaidi. Si utajiri. Lakini inatosha kukusaidia kumaliza mkopo wa sacco, na kanuni za viza zinauhesabu uuguzi kuwa kazi ya kiwango cha shahada, jambo linalozidi kuwa na maana kadiri milango ya kea inavyofungwa. Julai 2025 serikali ilisimamisha kuajiri walezi wapya kutoka ng'ambo, na mwaka huo huo ikapendekeza muda wa kupata ukaazi wa kudumu uongezwe kutoka miaka 5 hadi 10, na zaidi kwa kazi za ngazi ya kea. Mitihani ina gharama, kwa hiyo waulize kwanza waajiri wa NHS walio karibu nawe kama wanawadhamini walezi wenye taaluma ya uuguzi. Wapo wanaofanya hivyo, na nafasi zinatofautiana.

Kanada? Usihame kwa kudhani huko kumekwepa ugonjwa huu. Pato la Kanada kwa kila mtu lilishuka 2023 na 2024, nyumba za Toronto na Vancouver ni ghali kupindukia, na kila jimbo lina utaratibu wake wa kusajili wauguzi. Ungeanza upya ukiwa na mkopo. Kama una ndugu wa karibu kule wa kukupokea, hesabu ibadilike. Vinginevyo sioni faida.

Kurudi Mombasa si kushindwa, na nisingependa mtu yeyote akufanye uone hivyo. Ningekushauri usirudi na deni la sacco likiwa hai, kwa sababu utalilipa kwa mshahara wa shilingi. Kaa na mume wako mkubaliane mnataka nini hasa, mtaji wa duka la dawa, karo hadi watoto wafike kidato cha nne, au kuishi pamoja hata kwa kidogo, kisha mwaka wa kurudi utokane na makubaliano hayo. Miaka ya utotoni ya mtoto hairejeshwi kwa pauni, na hilo lina uzito wake katika mizani, hata kama mimi mchumi sina namba ya kuliwekea.

Mambo matatu ya karibu. Usijitoe katika pensheni ya kazini ili upate pauni chache zaidi, kama wengi wanavyoshawishiana: mwajiri anaongeza angalau 3% ambayo ukijitoa unaipoteza, na akiba hiyo ni yako hata ukirudi Kenya. Pili, kagua hati zako za malipo. Muda wa kusafiri kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine unahesabika kuwa muda wa kazi unapopimwa kima cha chini cha mshahara, na kampuni nyingi za kea zimekuwa zikiuruka. Tatu, mwenye nyumba. Kwa England, kuanzia 1 Mei 2026, mwenye nyumba wa kawaida anaweza kupandisha pango mara moja tu kwa mwaka, kwa notisi ya miezi miwili, na mpangaji anaweza kupinga kiasi hicho mbele ya baraza la usuluhishi. Kama mwenye nyumba anaishi humo ndani pamoja nawe, ulinzi huo haukuhusu, kwa hiyo hakikisha uko upande gani kabla ya kubishana naye.

Yako mambo ambayo barua haitoshi. Suala lolote la viza, kubadilisha mdhamini, familia kukufuata, au mwajiri kukutishia kwamba atakufutia udhamini, lipeleke kwa mwanasheria au mshauri aliyesajiliwa kisheria kutoa ushauri wa uhamiaji, usilipeleke kwa wakala wala kundi la WhatsApp. Leseni ya mwajiri ikifutwa, kwa kawaida hupewi zaidi ya siku 60 kupata mdhamini mwingine, kwa hiyo ni bora uwe umekwisha kumjua mshauri wako. Deni likianza kukufanya uruke milo, nenda Citizens Advice au piga simu StepChange, mashirika yanayowashauri wenye madeni. Ni bure, na ushauri huo haugusi lile sharti la viza linalokuzuia kupokea misaada ya serikali.

Ukienda, chukua mkataba wa kazi, hati za malipo za miezi mitatu, barua ya viza na taarifa ya mkopo wa sacco. Na ukikuta saa za kusafiri hazikulipwa, anza na chama cha wafanyakazi kama UNISON au simu ya Acas, shirika la umma la ushauri wa haki za kazi, wiki hii hii. Madai ya mshahara katika mahakama ya kazi yana muda wa mwisho wa kuyapeleka, na muda huo ni mfupi.